Majarida ya tiba ya akili yalivyotupima bila kutusikiliza

Mwezi uliopita wenzangu wa kitivo cha sayansi za afya waliniomba niwasaidie kulisawazisha dodoso moja. Lilikuwa na maswali 9 tu, yale yanayotumiwa kote duniani kutambua iwapo mtu ana ugonjwa wa huzuni kuu, au sonona kama wanavyouita wenzetu wa Tanzania. Dodoso lilikuwa limekwisha kutafsiriwa kutoka Kiingereza. Walichotaka kwangu ni muhuri tu wa mtu wa lugha. Nikawaambia, hebu kwanza tulijaribu kwa watu.

Basi tukafunga safari hadi zahanati moja ya Pwani. Mtafiti wetu, kijana wa shahada ya uzamili, alimketisha mama mmoja wa umri wa nyanya yake, akamsomea: "Bibi, katika majuma mawili yaliyopita, ni mara ngapi umejihisi uko chini?"

Bibi akamkazia macho. "Chini wapi, mjukuu wangu? Si unaniona nimekaa kitini?"

Tulicheka sote, yeye wa kwanza. Kisha nikaomba ruhusa nimuulize mimi. Nikamwamkia upya, nikasema: "Mama, moyo wako u mzito siku hizi?" Akanyamaza. Halafu akaanza kueleza habari za mwanawe aliyekwenda Bara asirudi, za usingizi unaokatika saa nane za usiku, za chakula kisichopita kooni. Alizungumza karibu nusu saa. Mengi aliyoyasema yalikuwa majibu ya yale maswali 9, hata kabla hatujamuuliza.

Niliporudi Nairobi swali moja halikuniacha. Utafiti wa maradhi ya akili umefanywa na kuchapishwa katika nchi hii kwa karibu miaka 100. Mbona hadi leo tunahangaika kumuuliza bibi swali analolielewa? Nadhani sehemu kubwa ya jawabu imo katika historia ya vyama vya wataalamu na majarida yao. Ni historia ambayo msomaji wa kawaida hasimuliwi, ilhali imemgusa hadi sebuleni kwake.

Tuanze na chimbuko. Mwaka 1841 madaktari waliosimamia hospitali za wagonjwa wa akili nchini Uingereza waliunda chama chao. Mwaka 1853 chama hicho kikaanzisha jarida lililoitwa Asylum Journal, ambalo miaka michache baadaye lilibadili jina likawa Journal of Mental Science. Ndilo hilo hilo ambalo tangu mwaka 1963 linajulikana kama British Journal of Psychiatry. Marekani nako, mwanasaikolojia G. Stanley Hall alianzisha American Journal of Psychology mwaka 1887, na mwaka 1892 akaongoza kuundwa kwa chama cha wanasaikolojia wa nchi hiyo.

Kazi ya vyama hivyo ilikuwa nini? Kwanza, kuamua nani ni mtaalamu na nani si mtaalamu. Pili, kuwapa wataalamu hao baraza la kuzungumzia. Jarida ndilo baraza lenyewe. Mtu anapeleka makala, mhariri anaipitisha kwa wasomi wenzake waipime, ikikubaliwa inachapishwa. Tangu hapo inakuwa si maneno ya fulani tena. Inakuwa "utafiti unaonyesha". Wenzake wananukuu, nao wananukuliwa, na serikali inachukua. Huo ni utaratibu mzuri, nami nimeula mkate wake maisha yangu yote. Lakini una udhaifu mmoja mkubwa. Wanaopima makala huwa ni wa baraza lile lile. Baraza zima likiwa na upofu wa namna moja, hakuna wa kumwambia mwenziwe kwamba haoni.

Upofu huo ulifika Nairobi mapema. Hospitali ya Mathari ilifunguliwa mwaka 1910. Katika miaka ya 1920 madaktari wa kikoloni walianzisha jarida lililoitwa Kenya Medical Journal, ambalo mwanzoni mwa miaka ya 1930 lilichukua jina tunalolijua, East African Medical Journal. Mwaka 1932 jarida hilo lilichapisha makala ya F. W. Vint, mtaalamu wa maabara ya utafiti wa kitabibu hapa Nairobi, kuhusu seli za sehemu ya mbele ya ubongo wa "mwenyeji" wa Afrika Mashariki. Miaka miwili baadaye akatoa nyingine katika Journal of Anatomy kule Uingereza. Vint alikuwa amechunguza bongo za Waafrika waliofariki, akahitimisha kwamba ubongo wa Mkenya ni mwepesi kuliko wa Mzungu na gamba lake ni jembamba zaidi.

Aliyeshangilia matokeo hayo alikuwa Dkt H. L. Gordon, tabibu aliyehudumu Mathari. Gordon naye aliandika makala kuhusu uwezo wa akili wa Mwafrika, ikachapishwa mwaka 1934 katika jarida la African Society mjini London. Kufikia hapo walikuwa tayari wana chama chao. Kiliundwa Nairobi mwaka 1933, na jina lake ukilileta kwa Kiswahili ni Chama cha Kenya cha Kuchunguza Namna ya Kuboresha Mbari. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleza: kama ubongo wa Mwafrika ni pungufu kwa maumbile, basi kumjengea shule nyingi ni kupoteza fedha.

Leo tunajua kwamba uzito wa ubongo hubadilika kulingana na umri, ukubwa wa mwili, ugonjwa uliomuua mtu, na hata jinsi ubongo ulivyohifadhiwa baada ya kifo. Tunajua pia kwamba uzito huo haukuambii mtu ana akili kiasi gani. Lakini hata wakati huo wapo waliotilia shaka. Gordon na wenzake walipoiomba Serikali ya Uingereza igharimie utafiti mkubwa wa ubongo wa Mwafrika, ombi lao halikufua dafu. Chama kile kikafifia. Makala, hata hivyo, hazikufifia pamoja nacho. Makala ikishachapishwa hubaki rafuni ikimngoja wa kuinukuu.

Naye akaja. Mwaka 1938 hospitali ya Mathari ilikabidhiwa kwa J. C. Carothers, daktari aliyezaliwa Afrika Kusini na aliyekuwa ametumikia Kenya tangu mwaka 1929. Alipokabidhiwa hospitali hiyo hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Aliisimamia hadi mwaka 1950. Katika miaka hiyo aliwahesabu wagonjwa walioletwa kwake, akawalinganisha na wagonjwa wa Ulaya na Marekani, na mwaka 1947 akachapisha makala ndefu katika Journal of Mental Science. Mojawapo ya mambo aliyodai ni kwamba huzuni kuu ni adimu miongoni mwa Waafrika. Kwa nini? Kwa kuwa, kwa mujibu wake, Mwafrika hajibebeshi wajibu wa matendo yake mwenyewe, hivyo hana la kumfanya ajilaumu.

Tusimame hapo kidogo. Ni nani aliyekuwa akipelekwa Mathari enzi hizo? Ni yule aliyerusha mawe sokoni, aliyevua nguo barabarani, aliyempiga jirani. Mtu aliyejifungia chumbani akilia pole pole hakumsumbua chifu wala askari, kwa hiyo hakupelekwa popote. Isitoshe, mtu huyo hakuwa na desturi ya kusema "nina huzuni kuu". Angesema moyo unamwenda mbio, roho inamuuma, kichwa kinamzunguka, mwili umemlegea, ana mawazo mengi. Daktari asiyejua lugha hiyo angempa dawa ya malaria na kumwambia aende nyumbani. Carothers alihesabu waliofika mlangoni kwake akidhani amewahesabu watu wote. Na wapimaji wa makala yake hawakuliona hilo, maana hapakuwa na hata mmoja kati yao aliyelala kwenye nyumba ambamo mtu analia kwa Kikamba, Kijaluo au Kiswahili.

Mwaka 1951 alikwenda mbali zaidi. Katika jarida lile lile alifananisha tabia za Mwafrika na zile za Mzungu aliyepasuliwa na kukatwa nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake, The African Mind in Health and Disease. Angalia jinsi ngazi ilivyopandwa. Makala ya Nairobi ya mwaka 1932 ilinukuliwa na makala za London, nazo zikazaa kitabu chenye nembo ya shirika la dunia nzima. Katika kila kidato maneno yalizidi kupata heshima, ingawa ushahidi wa chini kabisa ulikuwa ule ule.

Huenda msomaji atasema, hayo ni mambo ya wasomi na vitabu vyao. La hasha. Mwaka 1954, vita vya Mau Mau vikiwa vimepamba moto, serikali ya kikoloni ilimwomba Carothers aieleze kilichowapata Wakikuyu. Akaandika kijitabu, The Psychology of Mau Mau, kikachapwa na mpiga chapa wa serikali Nairobi. Humo uasi ulielezwa kama tatizo la nafsi za watu walioikosa mila ya kale na hawajaipata mpya. Suala la ardhi na uhuru likasukumwa kando. Carothers aliunga mkono pia sera ya kuwakusanya watu vijijini, sera ambayo iliwahamisha zaidi ya watu milioni moja kutoka kwenye maboma yao hadi kwenye vijiji vilivyozungushiwa handaki na miti iliyochongoka. Wapo wasomaji wangu ambao mama zao walilala katika vijiji hivyo. Sayansi iliyoanza kwa mizani ya maabara iliishia kuhalalisha lile handaki.

Waliojibu walikuwa Waafrika na watu wenye asili ya Afrika, na inafaa tuone walijibia wapi. Mwaka 1955 Thomas Adeoye Lambo, daktari Mnigeria aliyekuwa akijenga huduma mpya ya wagonjwa wa akili huko Aro, karibu na Abeokuta, alichapisha utafiti wake kuhusu Wayoruba. Humo aliyashutumu maandishi ya aina ya Carothers kwamba ni simulizi zilizovishwa kanzu ya sayansi huku zikificha ubaguzi. Alichapisha wapi? Katika Journal of Mental Science, baraza lile lile. Lambo hakulipigia baraza kelele akiwa nje ya ua. Aliingia ndani, akasimama, akasema kwa hoja. Kilichompa nguvu ni kwamba aliwajua wagonjwa wake kwa lugha yao. Pale Aro wagonjwa waliishi na jamaa zao katika vijiji vya jirani, na waganga wa jadi walishirikishwa.

Mwaka 1961 mambo mawili yalitokea. Frantz Fanon, daktari wa akili mzaliwa wa Martinique aliyefanya kazi Algeria, alimtaja Carothers waziwazi katika kitabu chake cha mwisho na kumpinga. Kitabu hicho tunacho kwa Kiswahili tangu miaka ya 1970 kwa jina Viumbe Waliolaaniwa. Mwaka huo huo Lambo aliwaalika Abeokuta madaktari wa akili kutoka pande mbalimbali za bara hili, ukawa mkutano wa kwanza wa aina hiyo Afrika. Mwaka 1965 wataalamu wa hospitali ya Fann mjini Dakar wakaanzisha jarida la Psychopathologie africaine. Hatimaye Afrika ikawa na baraza lake.

Na ile hoja ya kwamba huzuni kuu ni adimu kwetu? Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha utafiti uliofanywa katika vijiji viwili vya Uganda. Hawakungoja wagonjwa waje hospitalini. Waliwafuata watu majumbani na kuwahoji, naye Orley alikuwa tayari ameandika kitabu kuhusu jinsi Waganda wanavyoyaeleza maradhi ya akili katika lugha yao. Wakagundua kwamba huzuni kuu ilikuwa imeenea zaidi miongoni mwa wanawake wa vijiji hivyo kuliko miongoni mwa wanawake wa mtaa wa London waliolinganishwa nao. Yaani ugonjwa uliosemekana haupo ulikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza vyema.

Tangu hapo tumesonga mbele. Mwaka 1993 chama cha wanasayansi wa ubongo wa Afrika, SONA, kilizaliwa hapa hapa Nairobi. Mwaka 1998 ulianza mpango wa kuyaweka majarida ya Afrika mtandaoni ili yasomwe popote. East African Medical Journal, lililowahi kumpa Vint nafasi, sasa ni la Chama cha Madaktari cha Kenya, na Wakenya ndio wanaoliandikia na kulihariri. Mwaka 2021 vyama viwili vikubwa vya Marekani, cha madaktari wa akili na kile cha wanasaikolojia kilichoanza mwaka 1892, viliomba radhi kwa mchango wao katika ubaguzi wa rangi.

Radhi nimeipokea. Ila naona bado kuna mlango ambao haujafunguliwa, na ufunguo wake uko mikononi mwetu.

Nitatoa mfano unaoniaibisha. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mhariri wa jarida moja la Kiswahili. Msomi kijana alituletea makala kuhusu maneno ambayo watu wa mitaa ya Nairobi na wa Pwani huyatumia kueleza maumivu ya nafsi. Alikuwa amekusanya misemo kwa mamia: moyo kupasuka, roho kuingia baridi, kujiona mtu wa bure, kufikiria hadi kichwa kinawaka. Nilimrudishia kwa barua ya mistari 4. Nilimwambia hii si isimu wala si fasihi, apeleke kwa watu wa tiba. Baadaye nilipata habari kwamba jarida la tiba nalo lilimrudishia, likisema haya si mambo ya tiba, apeleke kwa watu wa lugha. Hakuyaleta tena. Siku ile zahanatini, bibi alipouliza "chini wapi?", niliikumbuka makala ile. Humo ndimo lilimokuwa swali tulilolihitaji. Nami ndimi niliyeufunga mlango, bila kuhitaji mkoloni wa kunituma.

Kwa hiyo sisemi kosa ni la Wazungu pekee. Hata lugha yetu ina dhambi zake. Neno punguani linamtaja mtu kwa upungufu wake, na mwendawazimu limebeba fikra ya mtu aliyechukuliwa na mizimu. Tunayatupa maneno hayo ovyo bungeni na matatuni. Mgonjwa anayeyasikia hatatoka nje kutafuta msaada. Lakini lugha hiyo hiyo ina kitenzi kusononeka, chenye upole wa kutosha kumwezesha mtu kujitaja bila haya. Washona wa Zimbabwe wanasema kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, na neno lao liliingizwa mwaka 2013 katika mwongozo mkuu wa Marekani wa kutambua maradhi ya akili. Liliingia kwa kuwa watafiti walilisikia kwa wagonjwa, wakaliandika, jarida likalikubali. Sisi tulio na wasemaji mamilioni kwa mamilioni, neno letu liko wapi?

Najua kikwazo cha fedha. Tangu mwaka 2021, majarida ya kundi la Nature yamekuwa yakitoza zaidi ya dola 11,000 kwa makala moja ili isomwe na wote bila malipo. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni moja. Mhadhiri gani wa Kenya atazitoa? Lakini ninayoyapendekeza hayahitaji milioni. Kwanza, kila jarida la afya linalochapishwa Kenya lidai muhtasari wa Kiswahili katika kila makala, ukurasa mmoja tu, ili bibi aliyehojiwa asomewe walichokigundua kumhusu. Pili, hakuna dodoso la akili lipewe kibali kabla ya kujaribiwa na wazungumzaji wenyewe, na mtu wa lugha akiwepo pale zahanatini. Tatu, vyama vyetu vya Kiswahili, CHAKITA na CHAKAMA, viketi na vyama vya madaktari na wanasaikolojia angalau mara moja kwa mwaka. Katiba ya 2010 inakiita Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi, na katiba hiyo hiyo inampa kila mtu haki ya afya bora. Sioni jinsi haki ya pili itakavyotimia bila ya kwanza.

Tukumbuke kwamba hata Kiswahili kilianza katika baraza la wengine. Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 ilisimamiwa na wakoloni, na jarida lake liliandikwa kwa Kiingereza. Leo jarida lililotokana nalo linaitwa Kiswahili, linatoka Dar es Salaam, na ndani yake tunajadiliana kwa lugha yetu kuhusu lugha yetu. Ikiwa tuliweza katika isimu, kipi kitatushinda katika tiba?

Dodoso letu tumelibadilisha. Swali la pili sasa linataja moyo. Nami nimemtafuta yule msomi kijana, ambaye si kijana tena. Anafundisha shule ya upili. Nilimpigia simu wiki iliyopita, nikamwomba radhi, nikamuuliza kama makala yake bado ipo. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Ipo, Profesa. Ngoja niitafute."